Tumwinue Ndugu Yetu Bila Kuumia

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa wanakisomo na jamaa zao. Tumeyaandika hapa ili na wale ambao hawakuwapo wapate kuyasoma, na kuyasomea wengine.)



Leo hatutazungumza habari za mbolea wala za mifugo. Tutazungumza habari za mtu aliyelala ndani.

Karibu kila kijiji kina mtu wa namna hiyo. Nyumba hii ina mzee aliyepatwa na kiharusi, na upande mmoja wa mwili wake umelegea. Nyumba ile ina kijana aliyeanguka na pikipiki, na miguu yake haina nguvu. Nyumba ya tatu ina mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Miaka inakwenda, mtoto anakua, na mama yake bado anambeba mgongoni. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Leo ni wa jirani, kesho anaweza kuwa wako, au ukawa wewe mwenyewe.

Lakini sikilizeni. Kila palipo na mtu wa namna hiyo, pana na mtu wa pili. Huyu wa pili ndiye anayemwinua asubuhi, anampeleka chooni, anamwogesha, anamtoa nje aote jua na kumrudisha ndani. Mara nyingi ni mwanamke mmoja tu. Tukienda kuwajulia hali tunauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Ni nani kati yetu anayeuliza, "Na wewe, mama, mgongo wako unaendeleaje?"

Haya, mazungumzo yetu ya leo ni ya watu hao wawili. Tunataka yule anayeinuliwa asiumie, na yule anayeinua asiumie.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, achilia mbali ndoo yenyewe. Mzee mwembamba anaweza kuwa na kilo 60. Hizo ni ndoo ngapi? Ndoo tatu. Sasa, nani hapa anaweza kunyanyua ndoo tatu kwa mara moja kutoka chini? Hakuna aliyenyosha mkono. Hata vijana wamenyamaza.

Basi yule mama akimnyanyua mzee huyo mara 8 kwa siku, amenyanyua kilo ngapi? Zidisha 60 kwa 8. Utapata kilo 480. Ni karibu magunia matano ya mahindi, ya kilo mia mia. Na kesho yatakuwa magunia matano mengine. Hakuna mgongo unaoweza kazi hiyo.

Na mtu si ndoo. Ndoo ina mpini, mtu hana. Ndoo haiogopi, lakini mtu akihofu kuanguka hukamata chochote kilicho karibu, hata shingo yako. Ndoo ikidondoka maji yanamwagika, tunakwenda kuteka mengine. Mtu akidondoka anaweza kuvunjika nyonga.

Tena kuna hatari nyingine iliyojificha. Watu wa nyumbani wakishaumia, au wakishaogopa, huacha kumwinua mgonjwa. Wanasema, "Mwacheni apumzike." Mgonjwa analala siku nzima ubavu mmoja. Ngozi inabanwa kati ya mfupa na kitanda, damu haipiti, nyama inakufa. Ndipo vinapotokea vidonda vya kulalia. Vidonda hivyo huweza kufika hadi kwenye mfupa, na vikiingia vijidudu vinaweza kuua. Kwa hiyo kujua kumwinua na kumgeuza mtu si jambo dogo. Ni jambo la uhai.

Neno letu kubwa leo ni hili: KUMHAMISHA MTU SI KUMNYANYUA. Usibebe ndoo zote tatu wewe. Ndoo moja aibebe yeye mwenyewe kwa nguvu alizobaki nazo. Ndoo nyingine ibebwe na kitanda, au na kiti, au na ubao. Inayobaki mgawane na mwenzako.

KABLA YA KUMGUSA

Kwanza, zungumza naye. Msalimu kama ulivyokuwa ukimsalimu zamani. "Shikamoo, baba. Tunataka kukuhamishia kitini ukaote jua. Uko tayari?" Mwulize wapi panauma na yeye anapenda aanzwe vipi. Yeye ndiye anayeujua mwili wake.

Wengine kiharusi kimewaondolea usemi. Msidhani basi kwamba hawasikii. Wengi wanasikia na kuelewa, ila ulimi hautii. Kubalianeni ishara. Akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Au akuminye mkono.

Pili, tengeneza mahali. Ondoa vigoda, vyombo na kuku. Sakafu ikiwa na maji, kausha. Sogeza kiti karibu kabisa na kitanda. Kiti kisiwe cha kuyumba. Kama ni kiti cha magurudumu, kaza breki zote mbili na ondoa vile vibao vya kuwekea miguu. Vua ndala zinazoteleza, wewe na yeye.

Tatu, jiulize: Je, kazi hii naiweza peke yangu? Kama huiwezi, ita mtu. Kumsubiri jirani robo saa si uvivu. Mama mjamzito, au mtu mwenye maumivu ya mgongo, asimwinue mtu mzima.

MWILI WA ANAYEINUA

Shikeni mambo haya sita.

1. Panua miguu yako kiasi, mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo. Mti wenye mizizi iliyotanda hauangushwi upesi na upepo.

2. Kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka. Nguvu itoke mapajani. Tumezoea kulima na kufagia tumeinama kiunoni. Kwa mtu, usifanye hivyo.

3. Sogea karibu naye, miili yenu ikaribiane. Mzigo ulio mbali na kifua ni mzito zaidi. Shika ndoo ukiwa umenyosha mkono mbele, utaona.

4. Usijipinde kiuno huku umebeba. Ukitaka kugeuka, geuza miguu kwa hatua ndogo ndogo.

5. Hesabuni kwa sauti: moja, mbili, tatu! Wote mnaanza kwenye tatu, na mgonjwa naye. Mmoja tu ndiye awe msemaji. Wawili wakitoa amri, kazi inaharibika.

6. Usimruhusu akukamate shingoni. Akishika, ashike kiunoni kwako au mkono wa kiti.

Na yako mambo mawili ambayo tusiyafanye kamwe. Tusimvute mtu kwa mkono uliolegea. Bega la upande wa kiharusi halina misuli ya kulishikilia, likivutwa hutoka mahali pake, na maumivu yake hayaishi upesi. Tena tusimwinue mtu kwa kumtia mikono kwapani na kumvuta juu. Namna hiyo ndiyo tunayoiona kila siku, na ndiyo inayoumiza mabega yake na kiuno chako pamoja.

Badala yake, mfunge mkanda. Kunja kitenge kipana, mzungushie kiunoni juu ya nguo na ufunge fundo imara. Usikaze hadi ashindwe kupumua. Mkanda huo sasa ni mpini wako.

KUMGEUZA KITANDANI

Sogeza kitanda kiachane na ukuta, ili mtu aweze kupita pande zote mbili. Kitanda kikiwa kifupi mno, piga goti moja chini badala ya kuinama.

Ukitaka kumgeuza, simama upande anaogeukia. Mwekee mkono wake uliolegea juu ya tumbo. Mkunje goti la upande wa mbali nawe. Weka mkono wako mmoja nyuma ya bega lake na mwingine nyuma ya nyonga yake. Hesabu hadi tatu, halafu mvingirishe polepole kuja kwako. Goti lililokunjwa litakusaidia kama mpini wa jembe. Mwekee mto au nguo iliyokunjwa mgongoni asirudi, na nyingine kati ya magoti.

Akiwa ameteleza chini, msimvute kwa mikono. Mtandikieni kabla shuka nene au kitenge kilichokunjwa mara mbili, kitoke mabegani hadi mapajani. Mmoja asimame upande huu, mwingine upande ule. Kila mmoja akunje pindo la shuka hadi karibu na mwili wa mgonjwa, alishike imara. Mwambieni mgonjwa akunje magoti na kusukuma kwa visigino, hata kama ni goti moja tu lenye nguvu. Moja, mbili, tatu! Anapanda. Ngozi yake haikusuguliwa, na migongo yenu haikuumia.

Mgeuzeni aliyelala kila baada ya saa mbili hivi. Anayekaa kitini ajiinue kwa mikono au aegemee upande huu na ule kila nusu saa au kabla ya hapo. Tazameni ngozi yake kila siku: mabega, viwiko, mfupa wa kitakoni, nyonga, visigino. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi msitafute wekundu tu. Tafuteni mahali palipokuwa peusi zaidi, penye joto, au pagumu kuliko penginepo. Mkipaona, asilalie pale tena mpaka papone. Msipasugue. Wala msimwekee kata ya nguo kama ile ya kubebea ndoo, kwa sababu nayo hubana damu pembeni. Visigino viinueni kwa kuweka mto chini ya ndama za miguu, ili visiguse kitanda.

Hapa kisomo chetu kinafanya kazi. Chukua karatasi na kalamu. Andika: Saa 12 asubuhi, ubavu wa kulia. Saa 2, chali. Saa 4, ubavu wa kushoto. Endelea hivyo mpaka usiku, na kwenye kila saa andika jina la atakayemgeuza. Bandika ukutani. Hapo hakuna atakayesema, "Nilidhani umemgeuza wewe."

KUTOKA KITANDANI HADI KITINI

Tuchukue mfano wa baba ambaye upande wake wa kushoto umelegea, lakini mguu wa kulia una nguvu. Kiti tutakiweka upande gani? Upande wa kulia, yaani upande wenye nguvu. Kiti kiguse kitanda, kikielekea kwake kwa pembe.

Mgeuze alale ubavu wa kulia. Shusha miguu yake nje ya kitanda. Mwambie asukume godoro kwa kiwiko cha kulia. Uzito wa miguu ukishuka, kiwiliwili kinapanda, kama mizani ya dukani. Wewe saidia bega kwa nyuma, usivute mkono.

Akishakaa, asisimame papo hapo. Aliyelala muda mrefu huona kizunguzungu. Akae kidogo, avute pumzi, nyayo zake zikanyage sakafu. Mwulize kama yuko sawa.

Sasa msogeze aje mbele hadi ukingo wa kitanda. Nyayo zake zirudi nyuma kidogo, chini ya magoti. Simama mbele yake. Zuia goti lake la kushoto kwa magoti yako mawili, lisije likakunjika. Shika mkanda wa kitenge pande zote mbili. Mwambie ainame mbele, pua yake ipite vidole vya miguu. Jambo hili wengi hawalijui. Mtu aliyekaa wima hawezi kusimama, hata wewe mwenye nguvu. Jaribuni hapo mlipo. Kaeni wima kabisa, halafu simameni bila kuinama mbele. Mmeona? Haiwezekani.

Haya. Moja, mbili, tatu! Yeye anasukuma kwa mguu na mkono wa kulia, wewe unarudisha uzito wako nyuma. Akishasimama, zungukeni pamoja kwa hatua ndogo mpaka aguse kiti kwa nyuma ya miguu yake. Ashike mkono wa kiti, ainame mbele tena, akae polepole. Asijitupe, wala usimtupe.

Itakuwaje akianza kuanguka mikononi mwako? Usipigane kumshika juu. Mkaribishe mwilini mwako, kunja magoti, mwache ateleze taratibu kwenye paja lako mpaka chini. Kumshusha chini polepole ni afadhali kuliko kuanguka wote wawili.

ASIYEWEZA KUSIMAMA KABISA

Kijana yule wa pikipiki miguu yake haisimami, lakini mikono yake ni imara. Huyu anahitaji ubao wa kutelezea. Mwombeni fundi seremala ubao mgumu wa urefu wa sentimeta 70 na upana wa sentimeta 25. Aupige msasa pande zote mpaka uwe laini, na pembe zake azifanye za mviringo. Kitanda na kiti viwe na kimo kimoja. Ncha moja ya ubao iingie chini ya paja lake, ncha ya pili ikae juu ya kiti. Anasukuma kwa mikono na kusogea kidogo kidogo mpaka amevuka. Avae nguo, ngozi isisuguane na ubao. Wewe simama karibu umlinde. Hapo ndoo zote tatu zimebebwa na ubao na mikono yake.

Asiye na nguvu hata mikononi, ahamishwe na watu wawili au zaidi kwa shuka imara iliyomshika kutoka mabegani hadi mapajani. Njia iwe fupi. Akitakiwa kupelekwa mbali, tengenezeni machela kwa miti miwili imara na blanketi au magunia mazima.

Na yule mtoto wa mgongoni? Mama, ukimnyanyua mtoto aliyekakamaa, kwanza mkunje polepole nyonga na magoti, mwili wake utalegea. Mlete karibu na kifua chako, ndipo uinuke kwa magoti. Usimlazimishe kiungo kilichogoma. Lakini akizidi kuwa mzito, usingoje mpaka mgongo ukatae. Anza mapema kumzoesha kiti chake, na uulize kituo cha afya habari za kiti cha magurudumu. Kumweka kitini si kumtupa. Akikaa kitini ataona watu, na watu watamwona.

AKIANGUKA CHINI

Tukimkuta mtu chini, sote hukimbilia kumwinua. Subirini! Haraka haraka haina baraka. Mwulizeni kwanza anaumwa wapi. Tazameni miguu yake. Mguu mmoja ukiwa umekuwa mfupi na nyayo imegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Akilalamika shingo au mgongo, au akiwa ameanguka kutoka juu ya mti au kwenye pikipiki, msimkalishe wala msimkunje. Mfunikeni, kaeni naye, itisheni msaada. Ikibidi ahamishwe, watu kadhaa wamshike kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikae katika mstari mmoja kama gogo.

Kama hakuumia, mleteeni kiti imara mbele yake. Ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti kwa mikono, atangulize mguu wenye nguvu na kusukuma. Mwingine amwekee kiti cha pili nyuma. Kazi yenu ni kumwongoza, si kumbeba.

CHOO NA MLANGO

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuishia kusikiliza. Walitoka wakachimba vyoo. Leo nasi tufanye vivyo hivyo, lakini tutazame choo kwa jicho la yule asiyeweza kuchuchumaa. Kwake yeye tundu la choo ni hatari. Anahitaji kiti cha mbao chenye tundu katikati, cha kimo cha sentimeta 45 hivi, kiwekwe juu ya tundu la choo, au juu ya ndoo chumbani wakati wa usiku. Chimbieni na nguzo mbili za kushikia pembeni.

Mlangoni, badala ya kumnyanyua na kiti chake kila siku, jengeni mteremko wa udongo ulioshindiliwa au wa saruji. Kipimo chake ni hiki: kwa kila sentimeta 1 ya kimo, sentimeta 12 za urefu. Kizingiti chenye kimo cha sentimeta 15 kinahitaji mteremko wa sentimeta ngapi? 15 mara 12 ni 180. Hiyo ni mita moja na sentimeta 80. Kazi ya asubuhi moja tu kwa vijana wanne, lakini inaokoa mgongo wa mama kwa miaka mingi.

KAZI HII NI YA NANI?

Sasa tuseme jambo ambalo tunalizunguka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaotazama tunauona mwepesi. Tunasema, "Mkewe yupo," au "Mkaza mwana yupo." Kisha tunakwenda zetu.

Akina baba, tumezoea kusema kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake. Lakini kilo 60 hazijui mwanamke wala mwanamume. Nyumba yenye vijana watatu wenye nguvu, halafu mama wa miaka 50 anamwinua baba yao peke yake, hiyo ni aibu. Tuseme hivyo waziwazi.

Tunajua ziko aibu za mila. Mkwe hawezi kumshika mkwewe. Mtoto wa kiume anaona haya kumhudumia mama yake. Hayo tunayaheshimu, na yeye aliyelala ana haki ya kuheshimiwa. Lakini yana njia. Wanawake wamwogeshe na kumvika, kisha wanaume waje kumhamisha akiwa amefunikwa vizuri, wakishika shuka na mkanda badala ya mwili. Watu wasiohusika watoke nje. Na mwulizeni mwenyewe, angependa ashikwe na nani? Mara nyingi sisi tunabishana mlangoni, kumbe yeye ana jibu.

Majirani nao wana zamu yao. Wawili waje asubuhi, wawili jioni. Tunachimba kaburi kwa zamu bila kuitwa mara mbili. Kwa nini tusimwinue mtu kwa zamu angali hai?

Msikae na shida ndani. Nendeni kituo cha afya mkaulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko hospitali gani, awaonyeshe kwa vitendo njia inayomfaa mgonjwa wenu, maana wagonjwa hawafanani. Mwoneni afisa ustawi wa jamii. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka kuwe na kamati ya watu wenye ulemavu hata katika ngazi ya kijiji. Ulizeni katika mkutano wa kijiji: Kamati yetu iko wapi, na imekutana lini?

Ndugu wanakisomo, haya mliyoyasikia msiyaweke kichwani tu. Leo jioni, kabla ya kumgusa mgonjwa, jaribuni wenyewe kwa wenyewe. Mmoja ajifanye upande wake umelegea, wengine wamhamishe. Mkishazoea, ndipo mwende kwake. Na mkifika, mkishamsalimu mgonjwa, mgeukieni na yule anayemwuguza, mmwulize habari za mgongo wake. Kisha mmoja wenu akunje magoti, ashike upande wa pili wa shuka.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wenu kuna nyumba ngapi zenye mtu asiyeweza kujiinua? Nani anamwinua kila siku?

2. Kwa nini si vizuri kumvuta mgonjwa kwa mkono au kumwinua kwa kwapa?

3. Mgonjwa ana kilo 54. Akinyanyuliwa mara 6 kwa siku, ni kilo ngapi kwa jumla? Ni kazi gani kati ya hizo sita inayoweza kufanywa kwa ubao, shuka au nguvu zake mwenyewe?

4. Pimeni kizingiti cha nyumba mojawapo. Mteremko wake uwe na urefu gani? Nani ataleta mawe, nani saruji, na kazi ianze siku gani?

5. Andikeni ratiba ya kumgeuza mgonjwa kwa siku moja, na majina ya watakaomgeuza. Je, yako majina ya wanaume?